Msitu Nilioufuta kwa Kalamu

Ninyi mnaoanza kazi ya misitu, kabla hamjakabidhiwa futikamba, chongeni fimbo. Iwe na urefu wa mita moja na sentimita thelathini, isizidi wala isipungue. Huo ndio urefu ambao vitabu vyetu huuita kimo cha kifua, na hapo ndipo mti hupimwa unene wake. Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuamini kwamba kifua kinachozungumzwa ni changu.

Mimi ni mfupi. Nilipoanza kazi Mbeya, kwenye shamba la mikaratusi, nilizungusha futikamba pale kifua changu kilipofika, yaani chini ya kiwango kwa upana wa kiganja. Mti huongezeka unene kadiri unavyoshuka chini. Wiki iliyofuata mwenzangu, mtu mrefu wa kuinama milangoni, alipima safu zile zile kwa kifua chake, na miti yote ikakonda. Taarifa ya mwezi ilionyesha msitu ulionenepa wiki ya kwanza na kudhoofika wiki ya pili. Ofisi iliipokea bila swali. Iliandika tu pembeni kwamba mabadiliko hayo yametokana na mtawanyiko wa mvua.

Aliyeshtuka ni Mzee Asajile, msimamizi wetu, Mnyakyusa wa Rungwe mwenye subira ya kutisha. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mti mmoja ulioota mtelemkoni, akanisimamisha upande wa juu, akaniambia nipime. Kisha akanishusha upande wa chini, akaniambia nipime mti ule ule.

“Umepata nini?”

“Vipimo viwili tofauti, Tata.”

“Basi hiyo ni miti miwili. Kawaambie ofisini tumepata faida. Tukiuzunguka vizuri tutapata hata minne.”

Halafu alinikatia fimbo. Akanionya kwamba kwenye mtelemko unasimama upande wa juu siku zote, na fimbo unaisimamisha kwenye udongo wenyewe, si juu ya majani makavu. Nilikuwa nayo mpaka nilipostaafu.

Shule yangu iliishia kidato cha nne. Yaliyobaki niliyapata kwenye stoo ya shamba lile, katika kitabu cha upimaji wa misitu kisicho na jalada, kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuliwa na panya kuanzia sura ya tisa. Nilikisoma nikiwa na kamusi, ukurasa mmoja kila siku baada ya kazi, nikinakili kwenye kauntabuku. Kwa hiyo mambo ya sura ya kwanza hadi ya nane ninayajua kwa uhakika. Ya sura ya tisa na kuendelea nimejifunza kwa kukosea, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mfano wa kwanza ni viriba. Mwaka mmoja ilifanyika sherehe ya kupanda miti, wageni wakaja na fulana zilizoandikwa ujumbe. Kila mgeni alipewa mche na shimo lililokwisha kuchimbwa. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya kupanda unachana kile kifuko cha nailoni tunachokiita kiriba, ili mizizi ipate njia. Walipanda miche pamoja na viriba vyake, wakamwagilia, wakapigwa picha. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nikajaza fomu, safu ya “miche iliyopandwa”, idadi ya kuridhisha kabisa.

Baada ya miezi michache yote ilikuwa vijiti. Nikaenda ofisini kuuliza niandike wapi habari ya miche iliyokufa.

“Safu hiyo haipo,” nikaambiwa.

“Niiongeze?”

Mzee Asajile alinivuta mkono tukatoka nje. “Usiongeze safu, mwanangu. Ukiongeza, kuna mtu itabidi aijaze.”

Tangu siku ile nikisikia ahadi kwamba kwa kila mti utakaokatwa itapandwa kumi, huwa naulizia safu ya pili. Mara ya mwisho kuisikia ahadi hiyo nilikuwa nimekwisha kustaafu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika mkutano wa mtaa wangu.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Miaka yangu mingi ya mwisho kazini niliitumikia halmashauri ya mji mmoja kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya, na humo ndimo nilimojenga. Jina la mji naliacha. Bado naishi humo na bado napanga foleni kwenye madirisha yake. Nyuma ya nyumba zetu kuna mlima uitwao Lusinga, na juu yake kuna msitu wa miyombo na mikusu ambao nyumba zimeuzunguka pande tatu. Wazee waliutenga tangu mji ukiwa kijiji. Hakuna bango wala uzio. Watoto huokota makusu yaliyoiva, waganga huchimba mizizi, na mvua zikianza akina mama hupanda kuchuma uyoga.

Uyoga ule nauelezea kwa sababu ni jambo la kitaalamu. Hauoti popote. Unaishi kwenye mizizi ya miyombo na mikusu. Miti ikiondoka, nao unaondoka, hata ukiacha udongo wote mahali pake. Chini ya misonobari unaota uyoga mwingine wa kahawia, wenye utelezi, ambao mama zetu hawaugusi. Mama Semfilinge, mjane anayeishi nyumba ya mwisho kabla ya mlima, anaujua uyoga wa Lusinga kwa majina kumi na kitu ya Kihehe. Ameuchuma tangu alipoolewa hapo, ameuuza kwa mafungu kando ya barabara kuu, na kwa mabeseni ya uyoga huo watoto wake wanne wamesoma. Hana shamba. Ana Lusinga.

Mkutano uliitishwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, Mwenyekiti Salumu, muuza vitenge ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na bidhaa kichwani. Mgeni alikuwa Afisa Mipango wa halmashauri, kijana mstaarabu, mwenye sauti ya taratibu na picha kubwa iliyochapwa kwenye turubai. Picha ilionyesha Lusinga mpya: hoteli, ukumbi wa mikutano, bwawa la kuogelea. Pembeni mwa bwawa walilala watu wenye miwani ya jua chini ya minazi. Mwezi ulikuwa wa saba. Sisi tuliokuwa tukiiangalia tulikuwa tumevaa makoti, na waliokosa makoti walijifunga mablanketi.

“Mradi unaitwa Lusinga ya Kijani,” alisema Afisa Mipango. “Mwekezaji ataujenga na kuuendesha. Halmashauri itachangia miundombinu wezeshi tu.”

“Wezeshi ndiyo ipi hiyo?” Mwenyekiti Salumu aliuliza.

“Barabara ya lami mpaka juu. Umeme. Maji. Kusawazisha eneo. Na uzio.”

“Kwa hela ya halmashauri?”

“Kwa mapato ya ndani, ndiyo.”

“Ushuru wetu wa soko.”

“Pamoja na vyanzo vingine, Mwenyekiti.”

“Sawa. Na ardhi?”

“Ardhi ni ya umma.”

“Sasa yeye mwekezaji anatoa nini?”

Afisa Mipango hakusita. “Uzoefu.”

“Mimi nina miaka thelathini ya uzoefu kwenye vitenge,” akasema Salumu. “Naomba lami mpaka dukani kwangu.”

Watu walicheka, naye Afisa Mipango akacheka nao, maana alikuwa mstaarabu kweli. Halafu alisema ile habari ya kumi kwa mmoja. Miche ya misonobari ingepandwa kwenye eneo mbadala, umbali wa saa moja kwa gari. Mama Semfilinge aliinua mkono.

“Kamwene, mwanangu.”

“Kamwene, mama.”

“Hiyo misonobari ikikua, mimi nitakwenda huko na beseni?”

“Mama, kwa kweli hakuna msitu unaokatwa hapa. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke.” Alifungua faili akatoa nakala. “Kwa mujibu wa Daftari la Maeneo ya Miti, ambalo ni kumbukumbu rasmi, Lusinga siyo msitu. Imeandikwa hapa, aina ya uoto: vichaka. Alipima mtaalamu wa halmashauri mwenyewe.”

“Huyo mtaalamu alipita lini?” aliuliza Mama Semfilinge. “Maana mimi sijawahi kumwona.”

Alikuwa anasema kweli. Hakuniona kwa sababu sikupanda.

Hapa itabidi nisimamishe mkutano niwaeleze jambo ambalo hadi siku ile sikuwa nimemweleza mtu. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilipohamia mji huu kutoka Mbeya, nilipewa kazi ya kujaza daftari hilo upya. Utaratibu niliujua vizuri, ni sura ya nne: unachora ramani, unagawa eneo, unachagua sehemu za kupima kwa mpangilio, kisha unakwenda huko hata kama kuna miiba. Mzee Asajile alikuwa na maneno yake juu ya hilo: “Ukipima karibu na barabara, umepima barabara.”

Siku ya Lusinga nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi. Nilivinunua Mlandege, pale Iringa, nilipokwenda kuwasalimu wazazi wangu karibu na Tosamaganga, na nilivipenda kuliko inavyompasa mtu mzima. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mlima ulikuwa umetoka kuchomwa moto, na wachoma mkaa walikuwa wamepita kabla ya moto. Nilisimama chini. Nikapima vieneo vitatu, vyote vitatu ndani ya hatua mia moja kutoka barabarani, mahali ambapo kila mtu hukata kuni. Sikupata shina hata moja lenye unene wa sentimita kumi, ambao ndio kiwango cha chini cha kuitwa mti. Nikainua macho. Mlima mzima ulionekana mwekundu, nikadhani ni majani yaliyobabuka kwa moto.

Hayakuwa yamebabuka. Miyombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na hutoa kwa nguvu zaidi kutoka kwenye visiki vilivyokatwa. Mlima ule ulikuwa unaota upya mbele ya macho yangu. Nimezaliwa kwenye nchi ya miyombo, nilipaswa kujua hata bila kitabu. Lakini nilikuwa nimetoka kuishi miaka kadhaa na mikaratusi, ambayo ni ya kijani mwaka mzima kama sare ya kazi, na macho huzoea haraka kinacholipiwa mshahara. Niliandika “vichaka”, nikatia sahihi, nikarudi na viatu vyangu vikiwa safi.

Neno lile lilikaa kwenye daftari. Kila baada ya miaka kadhaa daftari lilinakiliwa upya, na kila aliyenakili aliamini kwamba aliyetangulia alikwenda kuona. Mara mbili aliyenakili nilikuwa mimi mwenyewe. Nilijiamini.

Narudi mkutanoni. Nilisimama.

“Aliyepima ni mimi,” nikasema.

Afisa Mipango alifurahi sana. “Jamani, Mungu akupe nini! Mtaalamu mwenyewe tunaye hapa. Mzee wetu, tuthibitishie basi.”

“Nilikosea. Sikupanda mlimani.”

Mtu mmoja nyuma alisema, “Bwana Miti, kumbe ni wewe?” Mama Semfilinge aligeuka tu akaniangalia kuanzia usoni mpaka miguuni, na nilishukuru kwamba viatu vile vilikwisha kuchakaa zamani.

“Mzee,” alisema Afisa Mipango kwa upole, “unyenyekevu ni jambo zuri. Lakini ulipoandika hili ulikuwa mtumishi wa umma mwenye dhamana. Leo unazungumza kama mwananchi wa kawaida. Kwa utaratibu, halmashauri inalazimika kumwamini yule wa kwanza.”

Ndivyo nilivyopata mpinzani wangu katika jambo hili: kijana mmoja mvivu mwenye sahihi yangu, ambaye alikuwa na cheo na mimi sina.

Tuliamua kuuhesabu msitu wote, si kwa vieneo, mti kwa mti. Niliwaambia Mwenyekiti Salumu na kina mama kwamba kazi hiyo haihitaji chuo. Inahitaji kamba. Shikeni hili, litawafaa siku futikamba zikiisha stoo, na zitaisha: mti wenye unene wa sentimita kumi una mzunguko wa sentimita thelathini na moja na nusu hivi. Kata kamba ya urefu huo. Izungushe kwenye shina kwa urefu wa fimbo. Ncha zikikutana, huo bado si mti kwa mujibu wa ofisi. Zisipokutana, ni mti, piga alama ya chaki. Shina likigawanyika chini ya alama ya fimbo, kila tawi lihesabu peke yake. Likigawanyika juu yake, ni moja. Hakuna zaidi ya hapo.

Salumu alileta kamba ya katani kutoka dukani kwake, tukakata kamba thelathini, tukachonga fimbo thelathini. Watu walijipanga mstari kutoka chini, kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake, wakapanda. Nilikuwa na kauntabuku, wao wakipaza sauti, mimi nikichora vijiti. Mama Semfilinge alikuwa pembeni kabisa, upande wa genge la mawe, ambako wengine waliogopa. Alipita kwenye miti kama mtu anayekagua jiko lake.

“Huu!” alisema. “Na huu. Huu bado. Huu ulikatwa mwaka nilipomzaa wa tatu, tazama ulivyo sasa.”

Kwa Salumu kulikuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa amesimama kwenye mkusu mwembamba, kamba imeuzunguka, ncha zimegusana.

“Bwana Miti, huu umebakiza kidogo sana.”

“Basi haujafika.”

“Nikiilegeza kamba kidogo?”

“Usiilegeze.”

“Wao wanatudanganya kwa hekari, sisi tusidanganye hata kwa nusu sentimita?”

“Mwenyekiti, watamtuma mtu na futikamba. Akikuta mitatu tuliyoidanganya, atasema na mingine yote ni hivyo hivyo.”

“Na sisi tukikuta yao mitatu?”

“Sisi tutaambiwa tuandike barua.”

Alifuta chaki. Alifuta kwa uchungu, kama mtu anayempunguzia mteja bei. Siku ile walifuta wengi, na nawaambia vijana, hapo ndipo niliposhawishika kwamba hesabu ile itasimama. Mtu anayekubali kuuacha mti wake mwenyewe nje ya hesabu hana haja ya kukuapia kwa huo mwingine.

Idadi siitaji hapa. Imo kwenye kauntabuku, na nakala imo masijala, folio ya mwisho. Ninachoweza kusema ni kwamba tulipomaliza, chaki ilikuwa imekwisha katika maduka yote ya mtaa, na walimu wa shule ya msingi walikuwa wanatununia.

Halmashauri ilimtuma mtu, kama nilivyosema. Alikuwa mtaalamu mshauri, dada mmoja aliyelipwa kuandika tathmini ya mazingira ya mradi wenyewe. Alikuja na kifaa cha satelaiti shingoni, na kabla hajapima chochote alifungua begi akatoa fimbo. Niliitazama ile fimbo nikajua tupo salama, au angalau tupo mikononi mwa mtu mkweli. Alichagua miti yake bila kutuuliza, alisimama upande wa juu wa mtelemko, akapima kutwa nzima. Hakukuta hata mmoja tulioudanganya. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba Lusinga ni msitu wa miyombo uliofufuka, na kwamba daftari lirekebishwe kabla ya hatua yoyote.

Tukasherehekea kwa chai nyumbani kwa Mama Semfilinge. Tulikuwa wageni kwenye mambo haya.

Kesho yake mimi na Salumu tulikwenda kwa Afisa Mipango. Alitupokea vizuri, akaagiza viti.

“Taarifa nimeisoma,” alisema. “Haina tatizo. Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya daftari hurekebishwa na mtumishi yule yule aliyeiandika.”

“Huyu hapa,” akasema Salumu akinionyesha kwa kidole.

“Huyu ni mstaafu. Mstaafu si mtumishi.”

“Kwa hiyo kosa lake haliwezi kurekebishwa akiwa hai?”

“Angekuwa marehemu ingekuwa rahisi. Marehemu wana fomu yao.”

Salumu alinitazama. Nilimwona akilipima wazo hilo, kisha akaliweka pembeni.

Wakati huohuo greda lilikuwa limekwisha kufika chini ya Lusinga. Barabara wezeshi haikungoja daftari, kwa kuwa fedha ya barabara ilikuwa kwenye fungu lake na fungu lina mwisho wa mwaka. Lami ilikuwa inakuja nyuma ya greda, nzuri, pana, yenye mifereji ya mawe, barabara bora kuliko zote mjini, na haikuwa inaelekea kwa mtu yeyote. Walikuwa wamebakiza kona moja kuingia kwenye miti. Mama Semfilinge alikwenda kukaa pale konani kila siku na kazi yake ya kusuka vikapu. Hakuzuia chochote. Aliwasalimu madereva, wakamsalimu.

Aliyetuokoa ni mtendaji wa mtaa, aliyezisoma kanuni za ajira za muda kuliko walioziandika. Aligundua kwamba kibarua wa halmashauri, kwa siku anazolipwa, ni mtumishi. Nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ya kufyeka nyasi kwenye uwanja wa ofisi. Niliomba, nikafanyiwa usaili, nikaulizwa kama nina uzoefu wa fyekeo. Nikaajiriwa kwa siku moja. Nilifyeka mpaka saa nne, nikanawa mikono, nikapanda ngazi kwenda masijala kurekebisha daftari.

Fomu ya marekebisho ina safu tatu. Ya kwanza, ingizo la awali: nikaandika vichaka. Ya pili, ingizo jipya: nikaandika msitu. Ya tatu ilikuwa sababu ya marekebisho. Afisa Mipango alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

“Hapo mzee huwa tunaandikaga mabadiliko ya tabianchi.”

“Tabianchi haikuvaa viatu.”

“Samahani?”

“Hapana, nasema siyo tabianchi.”

“Basi andika kuboreshwa kwa teknolojia ya upimaji.”

“Tulipima kwa katani.”

Alivuta kiti akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza alizungumza nami bila ustaarabu wa kazini, kama mtu na mtu. “Mzee wangu, nisikilize. Ukiandika tabianchi, hakuna mtu atakayeulizwa. Wakati ule palikuwa vichaka, sasa pamekuwa msitu, Mungu mkubwa. Ukiandika ulikosea, watauliza nani alikusimamia, nani alinakili, nani alipitisha. Na pensheni yako inapita kwenye ofisi hizi hizi.”

Aliyoyasema yote yalikuwa kweli. Nilishika kalamu muda mrefu kidogo, na sitawadanganya kwamba nilikuwa nafikiria miti. Nilikuwa nafikiria ada ya chuo ya binti yangu. Lakini kazi hii imenifundisha kusoma fomu hadi mwisho. Kama palikuwa vichaka wakati ule, basi uamuzi wa kumpa mwekezaji ulitolewa kwa haki, na msitu ndio uliochelewa kuja. Kama nilikosea, basi uamuzi wote ulisimama juu ya mtu aliyekuwa amesimama barabarani. Safu ile ya tatu, nyembamba kama ilivyo, ndiyo iliyobeba mlima.

Niliandika: Nilikosea. Sikupanda.

Afisa Mipango alilisoma neno lile mara mbili. Aliita karani wa masijala, naye akasoma. Wakamwita mkubwa wao. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa na mshangao wa watu walioletewa mnyama ofisini. Mkubwa aliuliza kama neno hilo linaruhusiwa. Karani akasema katika miaka yake yote hajaliona kwenye faili lolote, kwa hiyo hawezi kusema linaruhusiwa, wala hawezi kusema linakatazwa. Faili likapelekwa kwa mwanasheria.

Mwanasheria aliandika dokezo akiomba mwongozo kutoka ngazi ya juu. Ngazi ya juu ikaomba maelezo ya kina kutoka ngazi ya chini. Ngazi ya chini ikajibu kwamba maelezo yote yamo kwenye safu ya tatu. Na kwa kuwa jambo linalosubiri mwongozo haliwezi kutolewa uamuzi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusaini kibali cha kukata hata mkusu mmoja. Greda limeegeshwa pale konani. Dereva wake huja kila asubuhi, anasaini mahudhurio, anafuta kioo, anarudi mjini. Pensheni yangu ilichelewa mara mbili, kisha ikaja. Niliuliza sababu ya kuchelewa, nikaambiwa ni mtandao.

Msiandike mahali popote kwamba tulishinda. Mimi sijaandika. Mvua za kwanza ziliponyesha nilitoka asubuhi kuangalia mifereji pale konani, nikamkuta Mama Semfilinge anapanda kwa ile lami mpya, beseni kichwani, mabinti wawili wa jirani nyuma yake.

“Kamwene, Bwana Miti.”

“Kamwene, mama.”

“Wamejibu?”

“Bado.”

“Na wakijibu watasemaje?”

“Kwa kweli sijui, mama. Wiki ijayo nataka niende nikaulize limefikia wapi.”

Alisimama. Aliliweka sawa beseni kwa mkono mmoja, akanitazama kama alivyonitazama siku ile mkutanoni, kuanzia usoni mpaka miguuni.

“Usiende kuwauliza,” akasema, akalizunguka greda na kuingia kwenye miti.